Kiraka: kutoka leso ya kushona hadi mashine ya mkono mrefu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimehama mtandao. La, sijahama. Nilikuwa Majengo kwa shangazi yangu, nikijaribu kurekebisha kosa nililolifanya kwenye kompyuta, kosa ambalo hasara yake ilimwangukia yeye. Kwa hiyo leo hatuzungumzii seva wala hifadhidata. Tunazungumzia kiraka. Najua kuna atakayesema, "Huyu jamaa tulimzoea kwa mambo ya programu, sindano na uzi vimetoka wapi?" Vumilia kidogo, ndugu msomaji. Sindano na programu ni jamaa wa karibu kuliko unavyodhani.

Kosa lenyewe

Shangazi ni fundi wa nguo. Kibanda chake kiko Majengo, kwenye njia inayoelekea soko la Gikomba, na amekalia cherehani ya miguu tangu kabla mimi sijazaliwa. Kazi yake kubwa ni ndogondogo: kufupisha suruali za mitumba, kubadilisha zipu, sare za shule kila Januari, na kupinda leso. Kwa asiyejua, leso huuzwa mbili mbili zikiwa kitambaa kimoja kisichokatwa. Mnunuzi akifika nyumbani lazima azitenganishe, na pale palipokatwa pakiachwa hivyo hivyo nyuzi huanza kutoka moja moja. Ndiyo maana unampelekea fundi apinde ukingo ndani na kuushona.

Mwaka jana mteja mmoja alimwagiza mablanketi sita ya watoto, yale ya viraka ambayo watu wa pwani wangeyaita mifarishi: kitambaa juu, kitambaa chini, katikati pamba, halafu mishono inapita kote kushikanisha tabaka zote tatu. Juu alitaka maumbo ya nyota, mwezi na samaki yaliyokatwa kwenye vipande vya leso. Tena alitaka maumbo hayo yashonwe bila kupindwa ukingo, kwa sababu aliona picha mtandaoni akapenda ule unyoya mdogo unaotokea kitambaa kikishafuliwa.

Mimi, msomi wa sayansi ya kompyuta, nikaingilia. Nikamwambia, "Shangazi, kwa nini ushone mia na kitu kwa mkono? Nitakuchorea maumbo kwenye kompyuta, tupeleke duka linalodarizi beji za shule, mashine yao ishone usiku mmoja." Akaniangalia, akasema, "Haya, baba. Wewe ndiye uliyesoma." Nikaandika programu fupi inayochukua umbo, inalisogeza ndani milimita moja, na kuandika njia ya sindano. Kwenye skrini ilipendeza ajabu. Mashine ikashona. Mteja akachukua. Baada ya kufua mara moja tu akayarudisha yote sita: ncha za nyota zimefumuka, samaki wawili wamebanduka mkia. Shangazi akarudisha arubuni aliyokuwa ameshanunulia pamba. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo milimita moja uliipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeichagua kwa sababu ilionekana nadhifu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na niliyoyasoma ndiyo haya.

Kwa nini kitambaa hufumuka

Tuanze na kitambaa chenyewe. Nguo iliyofumwa ina nyuzi za aina mbili. Kuna mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandazwa kwanza, na kuna mshindio, uzi unaopita kukingama, juu ya mmoja chini ya mwingine. Hakuna gundi. Kinachoshika nguo ni msuguano wa nyuzi hizo peke yake. Pembeni mwa jora mshindio hugeuka na kurudi, ndiyo maana ukingo wa kiwandani haufumuki. Ukikata mahali pengine popote, umekata ule mzunguko, na nyuzi za mwisho hazina kinachozishika isipokuwa jirani zake. Ukikata sambamba na nyuzi, uzi mzima unaweza kuchomoka kama mkeka unaofunguliwa. Ukikata kwa mshazari, kila uzi unaoishia ukingoni ni mfupi na umebanwa na mwingine, kwa hiyo hufumuka kidogo tu na kuacha unyoya.

Kila fundi anajua hili hata kama hajawahi kulisema kwa maneno. Sasa tazama historia, maana imejaa watu waliokabiliana na ukingo huo huo.

Leso ilizaliwa kwa kushonwa vipande

Tunapoona leso leo tunaona kitambaa kimoja chenye pindo, mji na jina. Haikuanza hivyo. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapishwa, vile ambavyo Wareno waliviita kwa jina lililotupa neno leso. Viliuzwa vikiwa vimeungana kwenye jora. Mwanamke alinunua sita kwa mfululizo, akakata katikati akapata vipande viwili vya vitambaa vitatu vitatu, akaviweka kimoja juu ya kingine na kuviunga. Akapata nguo moja pana ya kujifunga. Wengine walikwenda mbali zaidi: walichanganya vitambaa vya chapa mbalimbali ili wapate nguo isiyofanana na ya jirani. Hizo ndizo zilizoitwa leso za kushona.

Hebu fikiria jambo hilo kwa jicho la mtu wa programu. Kiwanda cha Ulaya kilitengeneza kitambaa cha kufutia jasho. Mtumiaji aliye maelfu ya maili mbali akaamua kwamba hiki si kitambaa cha jasho, ni malighafi. Akakifungua, akakiunga upya, akapata bidhaa ambayo mwenye kiwanda hakuiwaza. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa walipoona soko limekwenda huko, wakaagiza viwanda vichapishe nguo nzima yenye ukubwa uleule ili kushona kusihitajike tena. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uholanzi na Uingereza vilikuwa vinachapisha kanga kwa ajili yetu. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na jina lake la utani bado lipo kwenye alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayetajwa kuwa alianzisha kuweka maneno ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20.

Usisahau kilichokuwa kinaendelea wakati huo. Watumwa na maskini walivaa merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliiacha merikani na kaniki na kuchukua kanga. Nguo iliyoanza kwa kuungwa vipande ikawa tangazo kwamba mimi si mali ya mtu.

Viraka vya Karnataka na vya Omdurman

Jambo hili halikuishia pwani. Upande wa pili wa bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamepelekwa kama watumwa. Wanawake wa Kisiddi wanashona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa mkono, kutoka nguo kuukuu. Namna wanavyoshona inanivutia sana. Wanaanza pembeni, si katikati. Wanapanga kipande baada ya kipande kuzunguka ukingo, wakikunja kila ukingo ndani kwa vidole huku wakishona mishono mirefu ya kupita juu chini, mpaka wanakutana katikati. Mshono huo mmoja unafanya kazi mbili: unashika kiraka na unashikanisha tabaka zote. Pembe nne humalizwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa maua. Blanketi lisilo na maua linahesabiwa kuwa liko uchi. Hakuna ramani. Uamuzi unafanyika kipande kwa kipande.

Na kaskazini kwetu, Sudan, wafuasi wa Mahdi walioanza vita mwaka 1881 walivaa jibba lenye viraka. Mwanzoni kiraka kilikuwa ishara ya umaskini wa hiari, mtu aliyeipa dunia mgongo. Lakini harakati ikawa dola, jeshi likahitaji sare, na kufikia miaka ya mwisho kabla ya dola hiyo kushindwa Omdurman mwaka 1898, viraka vilikuwa vinakatwa kwa mpangilio maalumu, kushoto sawa na kulia, na kushonwa juu ya nguo mpya kabisa isiyo na tundu. Kiraka kisichoziba kitu. Ukitaka kujua kushona umbo juu ya kitambaa kwa ajili ya sura tu kulivyo, ndiko huko.

Cherehani na hofu ya mafundi

Sasa mashine. Wengi tunadhani Singer ndiye aliyebuni cherehani. Ukweli umekaa kama historia ya programu yoyote ile: watu wengi, kila mmoja na kipande chake, na mwisho ugomvi wa hataza.

Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza mwaka 1830 na mashine zake zikawekwa Paris kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi wa mkono wakavamia karakana na kuzivunja. Huko New York, miaka hiyo hiyo ya 1830, Walter Hunt alitengeneza mashine yenye sindano ambayo jicho lake liko karibu na ncha, na nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zinazofungana katikati ya kitambaa. Hakuisajili wakati ule. Inasimuliwa kwamba binti yake alimtahadharisha kuwa wanawake wanaoishi kwa kushona wangekosa riziki. Mwaka 1846 Elias Howe akasajili wazo la namna hiyo. Mwaka 1851 Isaac Singer akasajili mashine yake. Mwaka 1854 Allen Wilson akapata hataza ya yale meno ya chuma yanayopanda, kusukuma kitambaa, kushuka na kurudi. Ukifungua cherehani ya shangazi leo utayakuta meno hayo.

Kila mmoja akamshtaki mwenzake. Mwaka 1856 wakaona kesi zitawamaliza wote, wakaweka hataza zao kwenye kapu moja na kugawana ada kwa kila mashine inayouzwa. Mwaka huo huo kampuni ya Singer ikaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Watu wetu wanaochukua simu kwa mtindo wa lipa mdogo mdogo wajue kwamba cherehani ilitangulia kwa zaidi ya karne na nusu.

Mafundi wa Paris hawakuwa wajinga. Walichokiogopa kilikuwa kweli kwa baadhi yao. Angalia leso: kiwanda kilipochapisha nguo nzima, kazi ya kuunga vitambaa sita ilikufa. Lakini kiwanda kilituma leso mbili mbili bila kukatwa, na kazi ya kupinda ndiyo hiyo shangazi anayolia nayo ugali mpaka leo. Kazi moja ilitoka ukingoni, nyingine ikaingia ukingoni hapo hapo.

Majengo nayo ni kiraka

Ruhusu nizungumze kidogo kuhusu mtaa wetu, kwa sababu watu wakisikia Majengo wanasikia sifa mbaya tu. Pumwani ilitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama sehemu ya Waafrika mjini Nairobi, na watu wa vijiji vya zamani kama Maskini na Kaburini wakahamishiwa huko. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Baraza la mji lilitoa viwanja, lakini nyumba watu walijijengea wenyewe, na jina la Majengo linaeleza hivyo. Walijenga kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kuta za miti na udongo. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Na mapaa? Madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa, yakanyooshwa, yakapangwa moja juu ya ukingo wa lingine ili mvua isipite. Ni viraka vya bati.

Jirani yake, Gikomba, pakawa ndipo mitumba ya nchi nzima inapofunguliwa. Soko la nguo lilipoachwa wazi miaka ya 1990, viwanda vingi vya nguo nchini vilifungwa, na fundi wa Eastlands akageuka kuwa mtu wa kurekebisha nguo iliyoshonwa kwingine. Soko lenyewe limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu wapatao 15. Kila mara watu wamerudi, wakapigilia mbao na mabati, wakaendelea. Kwa hiyo fundi wa hapa akisikia habari ya mashine mpya, swali lake ni lile la binti ya Hunt.

Nani anasogea, kitambaa au mashine?

Tumefika kwenye mashine ya mkono mrefu. Mimi nimeiona kwenye video tu, kwa hiyo nawaeleza nilivyoielewa.

Cherehani ya kawaida ina nafasi ya kama sentimita 18 hivi kati ya sindano na mwili wa mashine. Ukishona suruali inatosha. Ukishona blanketi kubwa la tabaka tatu inabidi ulikunje kama mkeka na kulisukuma ndani ya hiyo nafasi, na mgongo utakuambia. Kwa hiyo watengenezaji wakageuza mambo. Kitambaa kikazungushwa kwenye nguzo za fremu yenye urefu wa mita tatu au zaidi, kikatulia. Mashine ikawekwa juu ya reli, ikapewa mkono mrefu, sentimita 45 hadi 75 hivi, na mshonaji akaishika vishikio viwili na kuiendesha juu ya kitambaa kama mtu anayechora kwa kalamu. Meno ya Wilson hayana kazi tena. Kampuni ya Gammill ya West Plains, Missouri, nchini Marekani, ilianza kutengeneza mashine za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 zikaanza kuunganishwa na kompyuta zinazoziendesha zenyewe.

Hapo kuna tatizo zuri la kihandisi. Meno yalikuwa yanahakikisha kila mshono una urefu uleule. Yakiondoka, sindano inapiga kwa kasi yake na mkono unakwenda kwa kasi yake. Ukienda haraka mishono inakuwa mirefu, ukipunguza mwendo konani inarundikana. Suluhisho ni vihisio kwenye magurudumu ya reli: vinahesabu umbali uliosogea, na programu inaiambia sindano ipige baada ya kila kipimo fulani cha umbali, bila kujali muda. Kitanzi kidogo cha msimbo kimechukua nafasi ya meno ya mwaka 1854.

Na kuna jingine. Kwa mashine hii, kiraka kisichopindwa ukingo kinapata faida ileile ya wale mama wa Karnataka. Maumbo hushikizwa juu, tabaka zote tatu zikiwa tayari kwenye fremu, halafu mshono mmoja unazunguka karibu na ukingo wa kila umbo. Mshono huo unashika kiraka na wakati huo huo unashikanisha blanketi zima. Wasiddi wamefanya hivyo kwa mkono bila umeme, isipokuwa wao hukunja ukingo.

Kiraka cha kompyuta

Niliahidi kuwaonyesha pa kukutania. Tunapopakua kiraka cha kurekebisha programu, neno hilo si tamathali tu. Kompyuta ya Harvard Mark I, iliyoanza kazi mwaka 1944, ilisoma programu kutoka utepe wa karatasi wenye matundu. Tundu likitobolewa pasipofaa, waliliziba kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa juu. Utepe wa namna hiyo wenye viraka vyake umehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian. Matundu yenyewe yalikuwa mbinu iliyotoka kwa wafumaji: Joseph Marie Jacquard wa Ufaransa, mwaka 1804, aliendesha kitanda cha kufumia kwa kadi zenye matundu.

Mwaka 1985 Larry Wall akaandika programu iitwayo patch. Inachukua faili ya mabadiliko na kuyapachika kwenye msimbo wa mtu mwingine. Ujanja wake ni kwamba faili inayobeba mabadiliko inaweza kubeba pia mistari michache isiyobadilika, ya juu na ya chini. Msimbo ukiwa umesogea kidogo, programu inaitafuta mistari hiyo na kujua pa kushikia. Bila mistari ya ziada pembeni, kiraka hakina pa kukamata.

Niliposoma hivyo nikacheka peke yangu. Milimita moja! Nilikuwa nimempa shangazi kiraka kisicho na mistari ya pembeni.

Tulivyorekebisha

Nilirudi kibandani nikiwa na jibu la swali lake. Kwenye skrini kitambaa hakisogei. Kwenye mashine kinajivuta kikidungwa, na kwa wembamba ule sindano mahali pengine ilikuwa imebakiza nyuzi mbili tatu tu nje ya mshono. Nyota zilikuwa na ncha kali, na kwenye ncha kitambaa kimekatwa pande mbili, hakina pa kujishikia.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akachukua mkasi. Alikata mwezi mmoja kwa kuugeuza mpaka nyuzi zikae mshazari. Akazungusha ncha za nyota zikawa butu kama vidole. Akashona kwa cherehani yake ya miguu mistari miwili, wa kwanza milimita sita kutoka ukingoni, wa pili karibu zaidi. Kisha akafua kipande hicho mara tatu kwenye beseni, akakikamua kwa nguvu zake zote, akaanika. Ukingo ukatoa unyoya mfupi ukaishia hapo. "Andika hivyo kwenye kompyuta yako," akaniambia.

Nikaandika. Programu sasa ina kipimo cha milimita sita, inakataa ncha kali, na kila umbo lina mshale unaoonyesha nyuzi zielekee wapi. Mteja wa kwanza hakurudi, na sitawadanganya kwamba alirudi. Pamba ya mablanketi yale nimeilipa mimi. Lakini mwezi uliopita shangazi alipata agizo jingine, mablanketi mawili. Safari hii alikaa kando yangu wakati nachora, na hakuna umbo lililokwenda kwenye mashine kabla ya kufuliwa kwenye beseni.

Aliniuliza pia, "Hiyo mashine kubwa ya Marekani ikifika Gikomba, mimi nitakula nini?" Sikutaka kumpa maneno matamu. Nilimwambia ukweli nilioupata kwenye historia: kuna kazi itakayokufa, kama ilivyokufa kazi ya kuunga leso, na ikifa hairudi. Lakini tangu leso ya kushona hadi kawandi, aliyejua kiraka kikae wapi na ukingo uelekee wapi alikuwa yule mwenye kitambaa mkononi, na mashine ilikuja baadaye kuiga alichokwisha kuamua. Programu yangu ilikuwa na mashine na haikuwa na mtu huyo. Matokeo mmeyasikia.

Akasema, "Basi uwe unakuja Jumamosi. Mimi nikufundishe nguo, wewe unifundishe hiyo." Ndiyo maana nimepotea. Jumamosi zangu ziko Majengo.

Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta nimeujenga kwa gharama ya pamba ya mablanketi sita. Nanyi wenye mama, shangazi au bibi mwenye cherehani, muulizeni anaufanya nini ukingo usiopindwa, halafu mniandikie alivyojibu. Nahisi kila mmoja ana milimita zake. Haya, nawaacha hapo. Wiki ijayo, inshallah, tunarudi kwenye programu.